Mlango wa Chuo Kikuu na Kijana wa Jikoni



Katika mkutano wa tawi letu uliopita tulicheka jambo ambalo halikuwa la kuchekwa. Kwa kuwa sisi ndio tunaoandika ukurasa huu, na sisi tulikuwa miongoni mwa waliocheka, yafaa tuanze na kosa letu wenyewe kabla ya kuwanyoshea wengine kidole.

Ilikuwa hivi. Baada ya kumaliza mambo ya mizani na viatu vya mpira, katibu wetu wa elimu alisimama kusoma habari alizozipata kwenye semina, ya kwamba ziko nchi ambamo vijana wenye ulemavu wa akili wanaingia chuo kikuu na kusoma pamoja na wengine. Hakufika mwisho. Mtu mmoja wa nyuma alisema, "Basi na yule wa jikoni tumpeleke Makerere!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na sisi wa meza ya mbele tukacheka pia. Yule wa jikoni ni kijana wa miaka 22. Mama yake ni mchuma chai, mwanachama anayelipa ada ya chama kila mwezi bila kukumbushwa. Naye alikuwamo ukumbini. Alijifunga leso yake, akatoka.

Kijana huyo twamjua sote. Kila asubuhi hupasua kuni na kubeba maji ya jiko la kambi, na malipo yake ni sahani ya posho na maharage. Amefanya hivyo miaka 3 sasa. Hajui kusoma. Lakini anawajua madereva wote wa malori ya majani kwa majina yao, na lori likichelewa yeye ndiye wa kwanza kuuliza lina nini. Katika miaka yote hiyo hakuna mwakilishi hata mmoja wa chama, sisi tukiwamo, aliyeuliza mbona mtu mzima anafanya kazi siku 6 kwa juma bila mshahara. Angekuwa kijana mwingine yeyote, tungekwisha kugonga mlango wa meneja zamani. Huyu tulimwona kama mtu anayesaidiwa. Kumbe yeye ndiye anayetusaidia, tena bure.

Kwa hiyo tulimwomba katibu wa elimu zile karatasi zake tukazisoma hadi mwisho, na tukatafuta na nyingine.

Kwanza tuseme wazi tunazungumza juu ya nani, maana maneno yetu ya mitaani, punguani, zezeta, taahira, yanachanganya mambo na kutukana watu. Ulemavu wa akili si wazimu, wala hauambukizi. Ni hali inayoanza utotoni, ambayo mtu huchelewa kujifunza, kusoma, kuhesabu, kushika maagizo marefu, pengine hata kujitunza, kila mmoja kwa kadiri yake. Wengine huzaliwa nayo, kama wale wenye hali iitwayo Down, ambayo haichagui nyumba ya tajiri wala ya maskini. Lakini ziko sababu nyingine ambazo zinachagua. Mtoto hukosa pumzi akizaliwa kwa kuwa uchungu wa mama ulichukua muda mrefu mno na gari halikupatikana. Mtoto hupandwa na malaria kichwani akafikishwa zahanati amekwisha kukakamaa. Mama mjamzito hukosa madini joto katika chakula chake. Mtu akipita kwenye nyumba za laini jioni, akaangalia ni nani ameketi mlangoni peke yake wakati wenziwe wa rika moja wako uwanjani, ataona sababu hizi hukaa wapi. Watoto hawa ni wetu, ndugu, kuliko walivyo wa mameneja.

Sasa habari yenyewe. Katika nchi ya Kanada, mji wa Edmonton, Chuo Kikuu cha Alberta kilianza jambo hili mwaka 1987. Wazazi ndio waliosukuma. Watoto wao walikuwa wamekaa darasani na watoto wengine, na wazazi wakauliza kwa nini ikifika umri wa miaka 18 wenzao waende chuoni, na hawa warudishwe nyumbani au wapelekwe kwenye karakana za walemavu. Hawakutaka darasa la pembeni lenye mlango wake. Walitaka chumba kile kile.

Inavyofanyika ni rahisi kuliko tulivyodhani. Kijana huchagua somo analolipenda, tuseme historia, au michezo ya kuigiza, akaketi katika ukumbi wa mihadhara pamoja na wengine. Hafanyi mtihani wa kuingia. Kazi anayopewa hupimwa kwa uwezo wake: mwenziwe akiandika kurasa 10, yeye pengine ataleta picha alizozipanga na kuzieleza kwa mdomo. Yuko mtu aliyeajiriwa kusaidiana na mhadhiri kuipanga kazi hiyo, na wako wanafunzi wanaokaa naye, wanaokula naye, wanaomwingiza katika vyama vyao vya michezo na starehe. Likizo ndefu ikifika hutafutiwa kazi ya mshahara. Hapewi shahada, wala hakuna anayemdanganya kuwa amepewa. Anachopata ni miaka michache ya kukua pamoja na rika lake, watu wanaolijua jina lake, na mazoea ya kwenda mahali kwa saa iliyopangwa na kufanya lililopangwa. Sisi tunaoishi kwa king'ora twajua kuwa mazoea hayo peke yake ni nusu ya kazi.

Nchi nyingine zimefuata, kila moja kwa namna yake. Chuo Kikuu cha Iceland tangu mwaka 2007 kina stashahada ya miaka 2 kwa watu hawa, inayowaandaa kufanya kazi katika shule za watoto wadogo na mahali pengine, na wanafunzi wa kawaida huwa viongozi wao masomoni. Trinity College ya Dublin nayo inatoa cheti cha miaka 2 pamoja na mafunzo kazini, na chuo hicho kilianzishwa mwaka 1592, kwa hiyo hakuna atakayesema ni chuo cha juzi kisichojua heshima ya elimu. Marekani ilipitisha sheria mwaka 2008 ili wanafunzi wenye ulemavu wa akili, hata wasio na cheti cha sekondari, waweze kupewa ruzuku ya masomo ya serikali wakiwa katika programu zilizokubaliwa.

Katika karatasi zile yumo pia Pablo Pineda wa mji wa Malaga, Hispania, mwenye hali ya Down, aliyesoma chuo kikuu akapata shahada, na mwaka 2009 akatunukiwa zawadi ya mwigizaji bora katika tamasha la filamu la San Sebastián. Katibu wetu alitaka tumweke juu kabisa ya ukurasa huu. Tumekataa. Hatumpunguzii sifa zake hata kidogo, lakini tumekwisha kuonywa na historia ya wafanyakazi wenyewe. Siku zote wakubwa hupenda kumwonyesha kibarua mmoja aliyekuja kuwa meneja, ili wale 900 waliobaki vibarua wajilaumu. Kijana wetu wa jikoni pengine hatapata shahada maisha yake yote. Haki yake isitegemee kufanana na Pineda.

Twajua mtasema nini, maana tuliyasema wenyewe tukiwa njiani kurudi kutoka mkutanoni. Mtasema: watoto wetu wenye akili timamu wanapasua mitihani, wanapata barua ya kuitwa chuoni, kisha wanabaki nyumbani kwa kukosa karo, sasa mwatuletea habari za hawa? Neno hili ni zito na hatulidharau. Baba aliyeuza ng'ombe wake wa mwisho kwa ajili ya muhula mmoja hana budi kuuliza hivyo.

Lakini tazameni vizuri. Kijana wa Edmonton hagombei shahada, kwa hiyo hamnyang'anyi mtoto wa mtu kiti cha shahada. Anakaa kwenye benchi katika ukumbi ambao umekwisha kujengwa na mwalimu amekwisha kulipwa. Gharama yake kubwa ni yule msaidizi mmoja anayewahudumia vijana kadhaa. Na ule ukumbi umejengwa na nani? Kodi hukatwa katika mshahara wa mama yule wa chai kabla hajaushika mkononi, na hukatwa tena katika sukari, sabuni na mafuta ya taa. Hajawahi kuulizwa kama mwanawe atakitumia chuo hicho au hatakitumia. Analipa tu.

Halafu tukumbuke, wenzetu, sisi wa vyama vya wafanyakazi tumeingia katika elimu ya juu kwa mlango gani. Mwaka 1899 katika mji wa Oxford, Uingereza, kilianzishwa chuo cha Ruskin kwa ajili ya wafanyakazi wasio na vyeti, wachimba makaa na watu wa reli, nao vyama vyao vikawalipia. Tom Mboya wa Kenya, aliyekuwa mkaguzi wa afya wa mji wa Nairobi na kiongozi wa chama, alikwenda kusoma hapo mwaka 1955 bila shahada yoyote. Na mwaka 1958 hapa Kampala kilifunguliwa chuo cha wafanyakazi wa Afrika cha shirikisho la kimataifa la vyama huru, ambacho kilipokea makarani na mafundi kutoka nchi nyingi. Hakuna aliyewauliza wazee wetu wale walipata alama ngapi. Waliulizwa wanatoka tawi gani. Sisi basi ndio watu wa mwisho wanaofaa kusema kuwa elimu ya juu ina mlango mmoja tu na ufunguo wake ni mtihani.

Wengine watasema turekebishe shule ya msingi kwanza, chuo kikuu baadaye. Na hapa lazima tuseme ukweli unaouma. Mwaka 1997 serikali ya Uganda ilipoanza elimu ya msingi kwa wote, kila nyumba ilipewa nafasi ya watoto 4, na kanuni ilisema mwenye ulemavu atangulizwe. Kanuni nzuri sana. Lakini wengi wetu tulikuwa wazazi mwaka huo, na twajua tulivyofanya. Tuliwaandikisha wepesi, yule mmoja tukamwacha nyumbani aangalie mbuzi na wadogo zake. Hatukufanya hivyo kwa ukatili. Tulijiuliza akisoma atafika wapi, na jibu lilikuwa hakuna. Mwalimu naye alijiuliza hivyo hivyo, akamweka nyuma ya darasa hata alipokuja. Ngazi isiyo na kipago cha juu hakuna anayehangaika kuipanda. Ndiyo maana hatukubali kwamba jambo la chuo kikuu lingoje mpaka shule za msingi zitengenezwe. Kungoja huko ndiko kunakozifanya zisitengenezwe.

Sheria hazikosekani. Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu ulipitishwa mwaka 2006, na Uganda iliuridhia mwaka 2008. Kifungu chake cha 24 kinataja elimu ya juu kwa jina, bila kumtoa mwenye ulemavu wa akili. Tunayo pia sheria yetu ya watu wenye ulemavu ya mwaka 2020. Kwa vipofu, viziwi na wenye ulemavu wa viungo mlango umekwisha kufunguliwa kidogo katika vyuo vya serikali, nasi twafurahi. Lakini nao wanaingia kwa cheti cha kidato cha sita. Mwenye ulemavu wa akili, ambaye ulemavu wake ndio hasa unaomzuia asipate cheti hicho, anaambiwa alete cheti. Ni sawa na kumwambia asiye na miguu kwamba kiti cha magurudumu kipo, aje achukue kwa kukimbia.

Sasa tuje kwenye jambo linalotuhusu sisi kama chama zaidi ya yote, nalo ni mshahara. Karatasi nyingi tulizozisoma zinasifu chuo kwa urafiki na furaha inayowapa vijana, nasi hatubishi. Lakini sisi tunaangalia kinachokuja baada ya chuo. Katika Marekani hiyo hiyo iliyopitisha sheria nzuri ya 2008, ipo sheria nyingine ya kazi ya mwaka 1938 inayomruhusu mwajiri mwenye kibali kumlipa mwenye ulemavu chini ya kima cha chini. Majimbo kadhaa yameikataza kwao, lakini katika sheria ya taifa haijafutwa. Yaani kwa mkono mmoja mtu anafunguliwa chuo, kwa mkono wa pili anarudishwa kwenye karakana ya senti. Na sisi tusiwacheke Wamarekani, maana kima cha chini chetu ni shilingi 6,000 kwa mwezi kilichowekwa mwaka 1984, ambacho leo hakitoshi hata kwa siku moja. Kama kwa mwenye akili kamili hali ni hiyo, mwenye ulemavu wa akili atalipwa nini? Jibu mmelisoma hapo juu: posho na maharage.

Ndiyo sababu tunaogopa jambo hili likija bila chama kuwamo. Litakuja kwa njia mbili mbaya. Ama litakuja kwa karo, kama ilivyo katika programu nyingi za ng'ambo ambako familia hulipa fedha nyingi, na hapo chuo kitawapokea watoto walemavu wa wenye magari na kusema kimetimiza mkataba. Ama litakuja kwa jina la mafunzo, mwajiri akaletewa vijana "wanafunzi" wa kufagia na kubeba bila malipo, na kila wakimaliza akaletewa wengine, huku vibarua wetu wakipunguzwa. Yote mawili tumeyaona katika mambo mengine. Dawa yake ni chama kuingia mapema, na kudai kwamba nafasi hizo zilipiwe na serikali, na kwamba saa ya kazi ilipwe kama saa ya kazi, iwe imefanywa na nani.

Tena hatuendi kuomba kwa hisani. Mkataba namba 159 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1983, unaohusu kazi na mafunzo ya watu wenye ulemavu, unataka vyama vya wafanyakazi na vya waajiri viulizwe maoni yao. Uganda iliuridhia mwaka 1990. Hatukumbuki tawi letu likiulizwa lolote, lakini pia hatukumbuki tawi letu likidai kuulizwa. Katika Bunge wamo wabunge 5 wa wafanyakazi na wabunge 5 wa watu wenye ulemavu. Ni majirani waliomo ndani ya ukumbi mmoja. Wakikaa meza moja kwa saa 2 juu ya jambo hili, wakamwita waziri wa elimu awaeleze ni chuo gani cha serikali kitakachoanza na vijana 10, hakuna sheria mpya inayohitajika. Vyuo vyetu vinawafundisha walimu wa watoto hawa kwa miaka mingi sasa. Wanafunzi wa ualimu hao wangepata nini bora kuliko kusoma benchi moja na mtu ambaye kesho watamfundisha ndugu yake?

Kwa upande wetu tumekwisha kuandika mambo machache ya kupeleka mkutanoni. Mfuko wetu wa elimu husaidia watoto wa wanachama waliofaulu mtihani tu. Tutapendekeza neno "waliofaulu" liondolewe kwa mtoto mwenye ulemavu wa akili, aweze kusaidiwa kwenda shule yoyote au mafunzo yoyote yatakayompokea. Kila mwakilishi wa laini ataleta idadi ya vijana hao katika nyumba zake, wakubwa kwa wadogo, wakiwamo wanaofichwa chumbani wageni wakija. Na kabla ya hayo yote, tutampelekea meneja barua juu ya kijana wa jikoni: ama aandikwe kazini na kulipwa kama mpishi msaidizi, ama jiko litafute mtu mwingine wa kupasua kuni. Barua imeandikwa. Imebaki kutiwa sahihi na mama yake, kwa sababu hatutaki tena kusema juu yake bila yeye kuwapo.

Tulikwenda kwake Jumapili, watu watatu, kumwomba radhi. Alitukaribisha, akatuwekea viti nje. Juu ya kicheko chetu hakusema neno. Aliuliza tu kama chuo cha namna hiyo kina askari mlangoni, kwa maana mwanawe huogopa mtu aliyevaa sare, na kama yupo mtu wa kumpokea siku ya kwanza. Kisha akauliza kama barua ya meneja itamfanya kijana afukuzwe jikoni kabla ya kuandikwa, akose na ile sahani. Hilo la mwisho tulilijibu: chama kitasimama. Lile la kwanza hatukuwa na jibu, tumeliandika katika kumbukumbu za tawi.

Mkutano ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa 9 alasiri, baada ya mizani kufungwa. Jambo hili ni la kwanza katika orodha, kabla ya viatu.